Krimu iliyogoma kuwa siagi: kisa cha majiko mawili, Kibosho na Pasua

Familia ni moja, majiko ni mawili. Mama mkwe anaishi Kibosho, mlimani juu ya mji wa Moshi, na anafuga ng'ombe wawili wa kisasa bandani, mmoja chotara wa Friesian na mwingine mwenye damu ya Jersey. Mkwe wake anaishi Pasua, mjini, anaoka keki za oda: kipaimara, sendofu, mahafali. Wateja wanataka keki ya siagi halisi, na siagi ya dukani bei yake inakula faida. Wakakubaliana kwamba maziwa ya asubuhi yaendelee kwenda kituo cha kukusanyia, ya jioni yaenguliwe krimu, na krimu hiyo iwe siagi ya keki.

Februari krimu iliteremshwa mjini kwa daladala, ikasukwa Pasua kwa mashine ya kuchanganyia keki. Siagi ilitoka haraka mno, ila ilikuwa laini kama mafuta ya kujipaka, haikushika umbo, na ilikuwa kidogo kuliko walivyotegemea. Julai mkwe alipanda Kibosho kusaidia kuchuma kahawa, wakasukia kulekule kwa chupa kubwa ya plastiki, wakipokezana. Zaidi ya saa nzima krimu ilivimba, ikawa povu zito, ikabaki hivyo. Siagi haikuonekana.

"Mama, hii krimu imekufa," mkwe alisema.

"Haijafa, mwanangu. Ng'ombe ndiye amechoka."

Alimaanisha yule wa Friesian, aliyekuwa na mimba ya miezi saba na maziwa yamepungua sana. Mkwe yeye alilaumu chombo, na alishaanza kuulizia mashine ya umeme ya kusukia siagi huko Arusha, yenye bei ya kuumiza. Juu ya hayo kulikuwa na malalamiko ya tatu, yaliyokuwapo tangu Februari: siagi ikikaa siku nne tu kwenye friji inaanza harufu kali ya mafuta yaliyokaa, na keki inabeba harufu hiyo.

Kazi yangu ni kufundisha vikundi vya wafugaji usindikaji mdogo wa maziwa, na ndivyo kisa hiki kilivyonifikia. Naona kinafaa kuandikwa kirefu kwa sababu matatizo yanayoonekana matatu, tena mawili kati yake yakiwa kinyume kabisa, yalikuwa na mzizi mmoja. Hakuna aliyeuona kwa kuwa kila moja lilitokea kwenye jiko tofauti na msimu tofauti. Siagi huamuliwa kabla ya kusukwa. Namna krimu ilivyoenguliwa, ilivyotunzwa siku zile za kuikusanya, na joto iliyokuwa nalo inapoingia kwenye chupa, hayo ndiyo yanayoamua. Mkono au mashine huja baadaye.

Ndani ya krimu mafuta yamekaa kama vitone vidogo mno, upana wa kawaida ni sehemu tatu au nne za elfu moja za milimita, na kila kitone kimevikwa utando unaokizuia kuungana na mwenzake. Kusuka ni kuvigonganisha mpaka utando upasuke na mafuta yashikane. Hapo joto ndilo lenye neno la mwisho. Mafuta ya maziwa hayayeyuki yote kwa mara moja: yakiwa baridi sana karibu yote ni magumu, yakipanda joto yanalainika polepole, na yakikaribia nyuzi 40 yameyeyuka yote. Ili yashikane vizuri, sehemu yake iwe ngumu na sehemu iwe laini ya kunata. Kwa krimu isiyochachushwa hali hiyo hupatikana kati ya nyuzi 10 na 14 za Selsiasi. Chini ya hapo vitone ni vigumu, vinagongana na kuachana. Juu sana ya hapo mafuta ni kimiminika, yanajisambaza, na mengi yanabaki kwenye maziwa mepesi yanayomwagwa.

Sasa turudi Kibosho. Nilitumbukiza kipimajoto cha jikoni kwenye krimu iliyotoka kwenye friji, kikasoma nyuzi 5. Jiko lenyewe lilikuwa na baridi ya Julai, ukungu umekaa migombani mpaka saa nne, na chupa ya plastiki haipitishi joto la mkono kwa urahisi. Krimu ile ingesukwa mpaka jioni. Na Pasua je? Februari sikuwapo, lakini hesabu haihitaji shahidi: ndoo imesafiri kwenye daladala, ikakaa mezani ikisubiri mkwe amalize kuoka, na mchana wa Februari Moshi mjini joto linapita nyuzi 30. Mkwe alikumbuka kwamba maziwa mepesi yaliyobaki siku ile yalikuwa meupe mazito, "kama maziwa ya kawaida tu." Mafuta yake yalikuwa humo, na akayamwaga.

Lakini sikutaka kumpuuza mama kuhusu ng'ombe, maana anayekamua kila siku anajua mnyama wake. Ni kweli kwamba ng'ombe akikaribia mwisho wa kukamuliwa vitone vya mafuta kwenye maziwa yake huwa vidogo zaidi, na vitone vidogo ni vigumu kugonganisha. Kwa hiyo tukatenganisha. Krimu ya kila ng'ombe iliwekwa kwenye chombo chake, zote mbili zikapashwa mpaka nyuzi 13 kwa kusimamisha chupa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu huku zikikorogwa taratibu, kisha zikasukwa zikiwa kiasi sawa. Ya damu ya Jersey ilitoa siagi ndani ya robo saa. Ya mwenye mimba ilichelewa, karibu mara mbili ya muda huo, lakini ilitoka. Krimu ya ng'ombe yuleyule ikiwa na nyuzi 5 ilishindwa kabisa, ikiwa na nyuzi 13 ikaweza. Mama alikuwa na haki, ila sehemu kubwa ya kosa ilikuwa ya baridi. Na haki yake ilikuwa na tokeo jingine: ng'ombe mwenye mimba ya miezi saba anapaswa kukaushwa, yaani kuacha kukamuliwa, apumzike miezi miwili kabla ya kuzaa, ili kiwele kijijenge upya na ndama apate dang'a nzuri, yale maziwa ya kwanza. Tukakubaliana hapohapo akaushwe.

Niseme kidogo juu ya wakati siagi inapojitenga, kwa sababu wengi huachia hatua moja kabla. Kwanza krimu inachuruzika na chupa inalia chwaa chwaa. Kisha inazidi kuwa nzito mpaka chupa inanyamaza, na ukiitikisa unahisi kama hakuna kitu kinachosogea. Hapo ndipo walipokuwa wanakata tamaa. Ukiendelea, ghafla mshindo unarudi, mzito, kitu kinagonga ukuta wa chupa, na ukuta uliokuwa umepakwa weupe mzito unakuwa safi. Ndani kuna chembe za njano zinaogelea kwenye maziwa mepesi. Acha zikiwa na ukubwa wa punje za mchele au pungufu kidogo ya punje ya mahindi. Ukiendelea mpaka liwe bonge moja, maziwa yananaswa ndani na kuyatoa ni kazi.

Chupa yao ilijazwa hadi shingoni pia. Krimu ikichukua hewa inavimba karibu mara mbili, ikikosa nafasi ya kuanguka haigongani. Ijazwe theluthi, isizidi nusu. Jambo dogo, lakini peke yake linaweza kuongeza nusu saa.

Uenguaji nao ulikuwa na shida. Mama alilaza maziwa kwenye sufuria refu usiku mmoja, asubuhi akachota juu kwa upawa, na upawa unazama. Alichokiita krimu kilikuwa nusu maziwa. Krimu ya kusuka inapaswa kuwa na mafuta asilimia 30 mpaka 40, na ikiwa nyepesi vitone vinakaa mbalimbali, vinachelewa kukutana. Tukabadili chombo: sufuria pana la kina kifupi, lenye mfuniko, ndani ya friji kwa saa 24, na kuengua kwa kijiko kikubwa kilicholala, kinachogusa juu tu. Krimu iliyopatikana ilikuwa ndogo kwa ujazo, ila ilidondoka kijikoni kwa uzito.

Harufu ndiyo iliyonishughulisha kuliko yote, kwa kuwa hapo kuna afya ya watu.

Nilichukua kipande cha siagi yao ya zamani nikakikata kwa kisu na kukibonyeza kwa bapa la mwiko. Kwenye uso wa mkato vilijitokeza vitone, na vilikuwa vyeupe kama tui. Siagi iliyooshwa vizuri, ukiibonyeza hivyo, ama haitoi kitu ama inatoa matone machache maangavu. Ule weupe ni maziwa yaliyobaki, yana sukari na protini, nayo ni chakula cha vijidudu. Walikuwa wanaosha mara moja, kwa haraka, na Kibosho walitumia maji ya mfongo, mfereji wa kumwagilia unaopita kando ya kihamba, shamba la nyumbani.

Nawaelewa. Maji ya mfongo ni ya baridi hata mchana, na siagi inahitaji maji baridi. Lakini mfereji huo umepita kwenye mashamba na mazizi ya watu wengi kabla ya kufika hapo, na chochote kilichomo kinabaki ndani ya siagi ambayo haitapikwa tena, hasa ile ya kupamba keki. Suluhisho lilikuwa rahisi na mfongo haukuachwa: maji yachemshwe, yafunikwe kwenye ndoo safi, na ndoo isimamishwe mfongoni usiku kucha. Baridi inaingia, uchafu hauingii. Siagi inaoshwa kwa maji hayo, inageuzwageuzwa kwa mwiko, maji yanamwagwa, yanatiwa mengine, mpaka yatoke kama yalivyoingia. Kisha inakandwa kwa mwiko kutoa maji yaliyobaki. Mikono isitumike, ina joto na ina mengine.

Hata hivyo uoshaji haukueleza harufu yote. Harufu ile haikuwa ya uchachu. Krimu iliyochacha kwa njia nzuri ina harufu ya mtindi, na siagi yake ni tamu kwa namna yake, tena krimu hiyo husukika kwa urahisi zaidi. Hii yao ilikuwa kali, ya kuchoma pua, ya jibini kuukuu. Hiyo ni mafuta yenyewe yanavunjika. Ndani ya maziwa mabichi kuna kimeng'enya cha asili, lipasi, kinachokata mafuta na kuachia asidi zenye harufu hiyo. Kwa kawaida utando wa vitone unakizuia. Kinachokifungulia mlango ni kutikiswa kwa maziwa mabichi, na kupoa, kupata joto na kupoa tena. Maziwa ya ng'ombe anayekaribia kukaushwa hupatwa na hali hii kwa urahisi zaidi, kwa hiyo hapa pia mama hakuwa mbali na ukweli.

Angalia basi ndoo yao ilivyotunzwa. Kila asubuhi ilitolewa kwenye friji, ikamiminiwa krimu ya usiku iliyolala mezani, ikakorogwa, ikasubiri sufuria zioshwe, ikarudishwa. Umeme ukikatika, ndoo inapata joto pamoja na friji. Juma zima krimu mbichi ilikuwa inapanda na kushuka joto, ya Jumatatu ikichanganywa na ya Jumamosi. Hata mashine ya Arusha isingeokoa krimu hiyo.

Dawa yake ni moto. Krimu ya kila siku inapashwa siku hiyohiyo, kwenye sufuria lililokaa ndani ya sufuria kubwa zaidi lenye maji, mpaka kipimajoto kisome nyuzi 75 hadi 80, huku ikikorogwa. Kisha inapozwa upesi kwenye beseni la maji baridi yanayobadilishwa, inafunikwa na kuingia friji kwenye chombo chake. Kuchanganya ni usiku wa kuamkia siku ya kusuka. Usiku huo wa baridi hauna mbadala: mafuta yaliyoyeyushwa na moto yanahitaji saa kadhaa kuwa magumu tena, na aliyepasha asubuhi akasuka mchana atapata mafuta ya kujipaka, kama ya Februari.

Moto huo unaua pia kile ambacho pua haikioni. Ugonjwa wa kutupa mimba kwa ng'ombe, brusela, upo katika mikoa yetu ya kaskazini, na mtu huupata kwa maziwa mabichi na vinavyotengenezwa kwayo, siagi ikiwamo. Kifua kikuu cha ng'ombe vilevile. Nimesikia mara nyingi kwamba siagi ya maziwa mabichi ndiyo ya asili na yenye ladha. Anayekula mwenyewe ana uamuzi wake, ila anayeuza keki ya kipaimara kwa watoto arobaini hana ruhusa ya kucheza na hilo.

Kuhusu chumvi, mkwe aliuliza kama itasaidia siagi ikae. Inasaidia kuliko watu wanavyodhani. Siagi ina mafuta asilimia 80 na zaidi kidogo, maji kama asilimia 16. Gramu 20 za chumvi kwenye kilo hazisambai kwenye kilo nzima, zinayeyuka kwenye zile gramu 160 za maji tu, na kuyafanya kuwa maji ya chumvi makali ambayo vijidudu vingi haviyapendi. Siagi ya mkate ya mama ikatiwa chumvi. Ya keki haitaki, kwa hiyo inafungwa vipande vya robo kilo na kwenda friza moja kwa moja.

Matokeo? Siagi ya kwanza ya mtindo huu ilikuwa ngumu, safi, na baada ya wiki mbili kwenye friji haikuwa na harufu. Maziwa mepesi yaliyobaki yalikuwa mepesi kweli, ya rangi ya maji ya mchele, na mkwe akayatumia kukandia maandazi. Mashine ya Arusha haikununuliwa. Kilichonunuliwa ni kipimajoto.

Kilichobaki ni hesabu, na hapa nilitofautiana nao. Maziwa yenye mafuta asilimia 4 yanahitaji kama lita 20 kutoa kilo moja ya siagi, na kwa kuengua kwa mkono, ambako mafuta mengine hubaki chini, hesabu lita 25. Kama kilo ya siagi haikupi zaidi ya bei ya lita 25 kituoni, unauza kwa hasara mpaka maziwa yaliyoenguliwa nayo yaingie kwenye hesabu. Mkwe alikuwa anayaona kama mabaki. Kwangu hayo ndiyo nusu ya biashara: protini yote imo, yanagandishwa mtindi, ndama anakunywa, nyumba inakunywa. Nilisisitiza jambo moja tu, kwamba mtindi huo uuzwe kwa kusema wazi umeenguliwa, na maziwa yenyewe yaliyoenguliwa yasipelekwe kituoni hata lita moja. Laktomita, kifaa cha kupima uzito wa maziwa, inapanda maziwa yakienguliwa, na inashuka yakitiwa maji, hivyo wapo wanaofanya yote mawili ili isomeke sawasawa. Huo ni wizi kwa jirani anayepeleka maziwa yake kamili, na kituo kikifa tunakufa wote.

Kwa hiyo ushauri wangu ulikuwa wasiuze siagi kama siagi. Ipite ndani ya keki, ambako thamani yake inalipwa, na mtindi ubebe gharama ya maziwa. Mama hakufurahi mwanzoni, maana jirani zake walishaanza kuulizia. Alikubali baada ya kuandika kwenye daftari lita za jioni za juma moja na bei ya kituo.

Rangi ilileta maswali pia. Kiangazi ng'ombe wa mlimani wanakula mabua ya mahindi yanayopandishwa kwa gari kutoka tambarare, majani mabichi ni machache, na siagi inapauka kwa sababu unjano wake hutoka kwenye majani mabichi. Ng'ombe wa Friesian peke yake ana siagi nyeupe zaidi kuliko wa Jersey. Mkwe alitaka kutia rangi ya keki kidogo. Nilimshauri aache, na mteja akiuliza aambiwe ng'ombe anakula nini msimu huu.

Ng'ombe wa Friesian alizaa mtamba mwezi Septemba. Mama anamlisha mashudu ya alizeti kwa wingi, na hilo nalo litaonekana kwenye siagi, kwa kuwa mafuta ya alizeti yaliyomo kwenye mashudu huifanya iwe laini. Hatutapunguza mashudu, maziwa yanayahitaji. Joto la Januari likirudi, krimu itasukwa ikiwa nyuzi 10 au 11, alfajiri, kulekule Kibosho, kama bibi zao walivyosuka vibuyu kabla jua halijatoka, na kitakachoteremka Pasua kwenye daladala ni siagi iliyokwisha kugandishwa. Umeme ukikatika zaidi ya siku moja, siagi inachemshwa na kuwa samli, maji yake yote yanaondoka, inakaa kabatini bila friji. Mkwe ameshajaribu samli hiyo kwenye keki ya ndizi, na anaoka nyingine Jumamosi.